Kama Ulivyoukuta

Mama Kashinje ameniandikia kwa kalamu nyekundu
kwenye karatasi iliyochanwa daftari la kodi:
Kabla ya tarehe thelathini
ukuta uwe kama ulivyoukuta.

Niliukuta miaka kumi na mmoja iliyopita,
sebule na chumba, Igogo, juu kidogo, mawe yanapoanza,
dirisha moja, na ndani ya dirisha
kipande cha ziwa kisichozidi leso.

Sasa una tundu la msumari wa saa,
na ufa nilioziba kwa puti,
na tundu jingine nililoziba kwa dawa ya meno
(linanukia mnanaa hadi leo, ukiinama),
na ile alama ya mafuta
pale Nkwabi alipozoea kuegemeza kichwa
akisikiliza mpira, kabla hajaenda Geita
na namba yake kuanza kusema haipatikani.

Kopo la zamani lilikuwa uvunguni.
Nimelifungua kwa bisibisi: juu utando,
chini maji ya kijivu, chini zaidi tope,
harufu ya yai viza.
Jina la rangi limeliwa na kutu.
Imesalia tatu, halafu kutu, halafu saba.

Basi nikachukua wembe,
nikabandua gamba nyuma ya mlango, kadiri ya ukucha,
nikalitia ndani ya kiberiti
na kushuka nalo mjini kwa adabu,
kama mtu anayepeleka kipimo Bugando.

Masalu, mchanganya rangi, alitoka nalo juani.
Hakusema krimu. Hakusema maziwa.
Alisema, "Hii ni michembe. Ya msimu uliopita."
Akatia matone manne ya manjano, mawili ya kahawia,
na jeusi moja, dogo kuliko jicho la dagaa,
akapaka kwenye boksi, akaliweka mbele ya feni.
"Rangi mbichi huongopa, dada.
Ngoja ikauke ndipo uiulize."

Nikapaka jioni. Kosa.
Wadudu wa ziwani walipanda kama moshi wa jaa,
wakaifuata taa, wakaufuata ukuta,
na asubuhi kiraka changu kilikuwa na ndevu.
Nikapiga msasa. Nikarudia.

Karibu na dirisha, kilipotea kabisa.
Chini ya taa, kilisimama kama mgeni
aliyevaa suti kwenye kilimo.

Ndipo nikasogeza kabati.

Nyuma yake, mraba mzima, rangi nyingine:
nyepesi, safi, kama muundi uliovuliwa soksi.
Haukuona moshi wa jiko la mafuta ya taa,
haukuona masika kumi na moja,
wala homa ya mwanangu, wala samaki wa Jumapili.
Ule ndio ukuta nilioukuta.
Huku kwingine kote
ni mimi.

Nilisimama na brashi mkononi, inadondoka,
nikiwaza ni upi Mama Kashinje anaudai.

Masalu kwenye simu: "Kiraka hakina dawa.
Paka kona hadi kona, jicho lisipate pa kulinganisha.
Na pale penye mafuta, paoshe kwanza kwa sabuni,
rangi ya maji haisikilizani na mafuta."

Nimepaka kona hadi kona.
Penye mafuta sikuosha.
Nilipaka mkono wa kwanza, ikatokea.
Wa pili, ikatokea.
Wa tatu, lazima ujue pa kutazama.

Rangi iliyobaki nimeimimina kwenye chupa ya soda,
nikaisimamisha juu ya kizingiti cha dirisha,
na kwa kalamu ya bluu nikaibandikia karatasi,
kwa yeyote atakayekuja na misumari yake:

Manjano nne. Kahawia mbili. Nyeusi moja, ndogo.
Ukuta wa sebule,
kama nilivyouacha.